Majibu kuhusu kukauka kwa Ruaha Mkuu yalichapishwa. Mbona hayakufika Usangu?

#1 Mzawa wa Usangu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimezaliwa Mbarali, katika bonde la Usangu, na mwaka huu ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu migogoro ya maji. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikisoma makala za sayansi ya jamii zilizoandikwa kuhusu bonde nililokulia, na niliyoyakuta yamenisumbua kiasi cha kuja kuyaleta hapa.

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi tuliokuwa wadogo tulikua tukisikia maelezo ya aina moja tu, kwamba ng'ombe wameiharibu ardhioevu ya Ihefu na ndiyo maana hifadhini hakuna maji na bwawa la Mtera halitoi umeme. Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba mto ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Sasa ninasoma kwamba utafiti uliofanywa bondeni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeshaonyesha jambo jingine: sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa kiangazi kupitia mabanio ya skimu za mpunga, hasa mabanio yaliyoboreshwa kwa zege, na upungufu wa umeme ulitokana zaidi na namna mabwawa yalivyoendeshwa. Hayo yaliandikwa kabla ya watu kuhamishwa. Baba yangu analima mpunga, na jirani yetu aliyeondoka na ng'ombe wake alikuwa rafiki yake. Wote wawili hawakuwahi kusikia kwamba kuna mtu alipima na kuandika.

Dai langu ni hili: tafiti za jamii kuhusu mazingira zinachapishwa mahali ambapo mhusika hawezi kuzifikia, na hilo limetokana na jinsi mfumo mzima wa uchapishaji ulivyojengwa. Anayeona ninakosea na anipinge.

#2 Mkutubi wa Mji Kasoro Bahari

Karibu, Mzawa. Nitakupinga kidogo, kwa sababu nimefanya kazi ya ukutubi muda mrefu na neno "hawezi kuzifikia" linahitaji kuangaliwa vizuri. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango uitwao OARE, kwa ushirikiano wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Yale, ili taasisi za nchi maskini zisome majarida ya mazingira bure au kwa gharama ndogo. Ulitanguliwa na mpango wa majarida ya afya mwaka 2002 na ule wa kilimo mwaka 2003, na yote sasa imo chini ya mwavuli wa Research4Life. Vyuo vya Tanzania vimo. Majarida makubwa ambayo makala zako zimetokea yanafunguka katika kompyuta za maktaba nyingi za vyuo hapa nchini, nami mwenyewe nimewafundisha wanafunzi namna ya kuingia.

Ninachokishuhudia ni kwamba hawaingii. Mwanafunzi hutafuta mtandaoni kwa neno moja, akikutana na ukurasa unaodai dola 40 anakata tamaa, wala hajui kwamba angepitia mlango wa maktaba yake asingelipa chochote. Kwa hiyo ukuta upo, ila sehemu kubwa yake tumeijenga wenyewe kwa kutofundishana.

#3 Afisa Maliasili

Mkutubi, kwa heshima zote, umewajibia wanafunzi. Mzawa ameuliza kuhusu Usangu. Milango unayoitaja imefunguliwa kwa taasisi za elimu na utafiti zilizosajiliwa. Mimi nimefanya kazi katika ofisi za halmashauri tatu, na sijawahi kukuta hata moja yenye nywila ya kusomea majarida. Tunachosoma sisi ni waraka, sheria, kanuni na ripoti za miradi.

Nitaeleza pia lililonikuta. Miaka kadhaa iliyopita mtafiti wa shahada ya uzamivu kutoka chuo cha nje alifika ofisini na kibali chake kikiwa sawa. Nilimwandikia barua ya utambulisho, nikampatia usafiri wa pikipiki na nikamkutanisha na watendaji wa vijiji vinne. Aliketi na wananchi kwa majuma sita, akajaza madodoso, akaendesha mahojiano ya vikundi, na siku ya kuaga aliahidi kuleta mrejesho. Makala yake niliiona kwa bahati tu, baada ya miaka minne, kwa sababu kijana wangu aliyeko chuoni aliipakua. Ilikuwa na kurasa 25, na sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba hali ni tata na inahitaji utafiti zaidi. Hata kama ningeipata mapema, sijui ningelishauri nini baraza la madiwani kwa kuitegemea ile. Ndiyo maana naona tatizo limo pia ndani ya maandishi yenyewe, na lingebaki hata mlango ukifunguliwa wazi.

#4 Mpima Maji

Nimesoma haidrolojia na nimepima mito mitatu ya bonde hilo, kwa hiyo naomba kurekebisha jambo moja katika #1 kabla halijaenea. Utafiti unaoutaja haukusema kwamba mifugo haikuwa na athari yoyote katika ardhioevu. Ulisema kwamba mifugo haielezi kwa nini mto unakauka kiangazi, na kwamba uchepushaji wa maji kwa ajili ya umwagiliaji ndio unaoeleza. Tofauti hiyo ni kubwa. Banio la kienyeji la miti na udongo lilikuwa likivuja, na maji yaliyovuja yalirudi mtoni. Banio la zege huchukua karibu yote, na likiachwa wazi Septemba na Oktoba, wakati hakuna mpunga wa kumwagilia, maji huishia mashambani na kupotea kwa mvuke. Mambo hayo yamepimwa na hayahitaji nadharia.

Na sasa niulize kwa upole, Mzawa: baba yako mkulima wa mpunga angepokeaje habari kwamba kidole kinaelekea kwenye banio lake badala ya ng'ombe wa jirani?

#5 Mzawa wa Usangu

Mpima Maji, nashukuru kwa marekebisho, nayapokea kama yalivyo. Na swali lako nimeshalijibu nyumbani kabla ya kulijibu hapa. Nilimweleza baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba banio la zege hawakuliomba wao, walijengewa, wakaambiwa kuwa ndilo la kisasa na litahifadhi maji. Akaniuliza kama hilo nalo limeandikwa. Limeandikwa, tena vizuri sana, ila katika jarida ambalo yeye hawezi kulisoma.

#6 Mhariri Mstaafu

Nimefuatilia kimya, lakini Afisa Maliasili amegusa mahali nilipofanya kazi kwa miaka 11, yaani uhariri wa jarida la sayansi ya jamii la chuo kimoja. Niruhusuni nieleze jinsi makala inavyofika kuwa kama alivyoiona.

Mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa alama za machapisho. Makala katika jarida la kimataifa lenye mapitio ya wenza ina alama; mrejesho kijijini hauna; kijitabu cha Kiswahili kwa madiwani hakina, au kina kidogo mno. Hivyo mwandishi hulenga jarida. Jarida nalo lina wahakiki, na mhakiki wa sayansi ya jamii huuliza swali moja karibu kila mara: kisa hiki kinaongeza nini katika nadharia? Namkumbuka mwandishi aliyeleta makala nzuri sana kuhusu wachoma mkaa, yenye bei, njia za magari, nani hulipwa na nani hukamatwa. Wahakiki wawili waliirudisha wakisema ina maelezo mengi na hoja chache. Alipoirudisha mara ya pili, bei zilikuwa zimepungua hadi nusu ukurasa, na kurasa tano zilikuwa zimejaa wanafalsafa wa Ufaransa. Ilichapishwa, naye akapanda cheo. Mimi ndiye niliyeipitisha, na hadi leo naona ilikuwa bora zaidi ilipofika mara ya kwanza.

Tena kuna fedha. Majarida mengi ya ufikiaji huria humtoza mwandishi badala ya msomaji. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Wapo wanaosamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini, lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania hadi kipato cha kati cha chini, na kwa wachapishaji kadhaa kundi hilo hupata punguzo la nusu tu. Nusu ya ada kubwa bado ni mshahara wa mhadhiri wa miezi mingi. Pembeni yake wako matapeli wanaochapisha chochote kwa dola 100 ndani ya juma moja. Vijana wetu wengi wamenaswa humo, na kazi zao za miaka miwili zimekaa mahali ambapo hakuna msomi atakayeziamini.

#7 Mpima Maji

Mzee wangu Mhariri, hapo kwenye nadharia ndipo sisi wa upande wa vipimo tunapowashangaa ndugu zetu. Lakini nitawatetea pia, kwa mfano ambao kila mwanafunzi wa mazingira huupata. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa biolojia, aliandika katika jarida la Science kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Malisho yenyewe aliyawaza tu. Hapakuwa na kijiji alichokichunguza. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa, alikusanya visa halisi vya misitu, mifereji na malisho vilivyotunzwa na watu wenyewe kwa kanuni zao, akatoa kitabu mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hardin mwenyewe katika miaka ya 1990 alikiri kwamba alipaswa kuzungumzia mali ya pamoja isiyosimamiwa. Hata hivyo, nendeni katika semina yoyote ya malisho leo, mtasikia kisa cha Hardin cha 1968.

Kwa hiyo sikubali kwamba tatizo ni ada au nywila. Makala ya Hardin ilikuwa fupi na ilisimulia kisa kimoja chepesi ambacho ofisa anaweza kukirudia mbele ya waziri. Kisa cha Usangu, chenye mabanio, misimu, kanuni za bwawa na bei ya mchele, hakirudiwi kwa sentensi moja.

#8 Mwana Makueni

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nitaleta kisa cha upande wa pili, ambapo sayansi ya jamii ilipata sentensi yake moja na bado mambo hayakuwa mepesi.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo wakati wanaoufuatilia ilijumuisha Makueni kwetu. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000, na wakoloni walikuwa wakiandika kwamba Wakamba wanaelekea kuwa jangwani. Kufikia 1989 idadi ilikuwa imekaribia milioni 1.4, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka na vilima vimevaa matuta. Kitabu hicho kilisomwa duniani kote, kwa sababu kilipingana na imani kwamba watu wakizidi ardhi hufa.

Babu yangu alichimba matuta hayo mara mbili. Mara ya kwanza alilazimishwa na serikali ya kikoloni, akayaacha yakabomoka. Mara ya pili alichimba kwa hiari, pamoja na kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, ambacho wengi wake walikuwa wanawake, kwa mtindo wa fanya juu, yaani udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro. Watafiti waliofuata waliuliza yaliyopitiwa haraka: ni kiasi gani cha fedha kilitoka kwenye mishahara ya Nairobi, na nini kiliwapata wasio na mtu mjini wa kuwatumia? Bibi yangu angewajibu hayo yote kwa mchana mmoja. Hakuulizwa, wala kitabu hakukiona.

Na angalieni jambo hili: neno "fanya juu" limo katika majarida ya kilimo ya Ulaya na Asia, likiandikwa vilevile kwa Kiswahili. Neno letu limesafiri kote huko, na sisi tuliolitumia kwanza hatujui linasemwa nini huko lilikofika.

#9 Mrangi Ughaibuni

Mwana Makueni, umeniamsha. Mimi ni wa Kondoa na ninasoma Sweden, nchi iliyogharimia Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ilipoanza mwaka 1979. Mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la makorongo, na nyumbani wazee bado huhesabu miaka kwa tukio hilo.

Katika maktaba ya hapa nilikuta rafu nzima ya maandishi kuhusu Kondoa. Kuna picha za makorongo ambayo nilicheza ndani yake nikiwa mtoto, na kuna takwimu za mchanga. Baadaye ndipo yalipokuja maandishi ya watu waliokwenda kuwauliza akina mama nini kilitokea maziwa yalipokoma na kuni zilipopigwa marufuku. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Mama yangu ni mmoja wa waliopoteza ng'ombe.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza huku huwa na muhtasari wa Kiswidi mwishoni, ili mlipa kodi wa Sweden ajue fedha yake ilifanya nini. Hakuna anayeona ni mzigo. Basi kwa nini tasnifu kuhusu Kondoa isiwe na kurasa sita za Kiswahili kwa Mrangi aliyetoa ng'ombe wake?

#10 Mkutubi wa Mji Kasoro Bahari

Pole, ndugu Mrangi. Naomba kusahihisha mwaka tu: HADO ilianza 1973, na 1979 ndio mwaka mifugo ilipoondolewa Kondoa. Mifugo ilipokubaliwa kurudi kwa utaratibu wa kufugia ndani, ilikuwa karibu miaka kumi baadaye.

Kuhusu Kiswahili, kuna kizingiti ambacho hakijatajwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina majarida ya kitaaluma ya Kiswahili, kama Kiswahili na Mulika, lakini hayo ni ya lugha na fasihi. Jarida la mapitio ya wenza linalopokea makala ya Kiswahili kuhusu maji, misitu au tabianchi kwa jicho la sayansi ya jamii silijui, na nimetafuta. Jarida la Journal of Political Ecology, ambalo ni huru kusomwa na lipo tangu 1994, hupokea makala za Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Muhtasari wa ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, hutolewa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Mtu akiandika leo makala bora ya Kiswahili kuhusu Ihefu, ataipeleka wapi?

#11 Afisa Maliasili

Mrangi na Mkutubi, nawasikia, na muhtasari wa Kiswahili nauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nisiposema hili sitakuwa nimesema kweli. Walioamua kuhusu Usangu walikuwa wasomi wanaokijua Kiingereza vizuri, na ripoti za utafiti zilikuwapo ndani ya wizara, kwa kuwa mradi wenyewe ulifanywa na serikali pamoja na wafadhili. Hakuna aliyezuiwa na lugha. Umeme ulihitajika, watalii walihitajika, mchele ulihitajika, na kati ya wote waliokuwa bondeni mfugaji alikuwa mgeni, asiye na skimu wala ushirika wala mbunge wa kabila lake. Nadhani hapo ndipo uamuzi ulipotoka. Hata mngetafsiri makala zote kwa Kiswahili, Kisangu na Kisukuma, sioni kama ng'ombe mmoja angebaki.

#12 Mhariri Mstaafu

Afisa, hoja yako ni nzito, nami siwezi kuipuuza. Ila muda nao una kazi yake. Mwanaanthropolojia Martin Walsh alichapisha mwaka 2012 makala inayofuatilia jinsi hofu kuhusu Ruaha ilivyojengwa, nani aliisema kwanza na nani akairudia. Ni makala ninayoipenda kwa uchambuzi wake. Lakini ilitoka miaka sita baada ya operesheni ya kuwaondoa wafugaji kuanza. Sayansi ya jamii ina desturi ya kufika msibani ikiwa na maelezo kamili ya ugonjwa.

Na kwa Mpima Maji: vipimo na simulizi havina sababu ya kugombana. James Fairhead na Melissa Leach walifanya utafiti Kissidougou, Guinea, na kitabu chao kikatoka 1996. Maofisa walikuwa wakiamini kwamba visiwa vya msitu vinavyozunguka vijiji ni mabaki ya msitu mkubwa ulioteketezwa na wanakijiji. Watafiti wakaweka picha za angani za mwaka 1952 kando ya picha za setilaiti, kisha wakawasikiliza wazee, na ikaonekana kwamba msitu ule ulipandwa na kutunzwa na wanakijiji wenyewe. Bila picha wazee wasingeaminiwa, na bila wazee picha zisingesomeka.

#13 Ngitili ya Bibi

Shikamooni wakubwa. Natokea Shinyanga, na nimeona kila mmoja ameleta kisa ambacho maarifa yalikwama. Kwetu yalipita, kwa hiyo tuyaangalie yalipitaje.

Tangu enzi za kikoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuua mbung'o, kisha ikaja pamba, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 ilianza Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ilipojaribu kugawa miche ya kigeni mambo yalikwenda polepole. Ilipogeukia ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kufunga sehemu ya malisho ili majani yabaki hadi kiangazi, ardhi ilirudi kwa kasi, na hatimaye ngitili zilikuwa katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2005 ilitoka ripoti iliyokadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nyasi, dawa, asali na maji, yana thamani ya takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Bibi yangu alisomewa takwimu hiyo kwenye mkutano, akasema wamesahau kuhesabu uyoga.

Nionavyo mimi, maarifa yalipita kwa sababu yalitoka kwa watu, na kazi ya watafiti ikawa kuyapa namba ambazo wizara ingezisikiliza.

#14 Mpima Maji

Binti yangu, marahaba, na bibi ana haki kuhusu uyoga. Lakini usitupitishe haraka. Ngitili nyingi ni za mtu mmoja mmoja, na zipo tafiti zilizoonyesha kwamba mwenye ardhi nyingi ndiye aliyefunga eneo kubwa, na asiye nayo akaanza kununua nyasi alizokuwa akizilisha bure. Nani alizisoma tafiti hizo kwenye mkutano?

#15 Ngitili ya Bibi

Hazikusomwa, babu. Umenishika hapo. Ripoti iliyotusifu ilifika na chai na mikate; iliyotuuliza maswali magumu nimeijua leo kupitia kwako.

#16 Msomaji Kimya

Ni mara yangu ya kwanza kuandika, nisameheni nikikosea. Ninyi wote mnazungumza kuhusu makala kutofika kijijini. Ya kijijini kwetu ilifika, na haikutusaidia kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja.

Tulikuwa na shauri la mpaka kati ya kijiji na msitu. Mjukuu wa mzee mmoja aliipata makala iliyoeleza historia ya mpaka huo kwa usahihi wa ajabu, kwa sababu wazee wetu wenyewe ndio waliomsimulia mtafiti na kumtembeza kwenye mawe ya alama. Mzee mmoja kati ya hao alikuwa amekwisha kufa. Tulifurahi tukaichapa. Lakini ndani ya makala kijiji chetu kiliitwa kwa jina la kubuni, mto ulipewa jina jingine, na hata wilaya ilifichwa. Maadili ya utafiti yalimtaka mwandishi atulinde. Tulipoiwasilisha tuliulizwa: mna uthibitisho gani kwamba kijiji hiki ni ninyi? Hatukuwa nao. Simulizi ya marehemu imo mle ndani, kwa Kiingereza kizuri, nayo si mali yetu tena.

Nimeitafuta fomu ya ridhaa ambayo baba alitia saini. Inauliza kama anakubali kurekodiwa na kama jina lake lifichwe. Kama kijiji kinataka kutajwa, haiulizi.

#17 Mhariri Mstaafu

Ndugu Msomaji, nimehariri makala nyingi zenye vijiji vya majina ya kubuni na sikuwahi kulifikiria hili. Nilidhani tunawalinda.

#18 Mpima Maji

Inasikitisha sana. Hata hivyo, nitoe tahadhari, kwa maana nimekaa kwenye mabanio usiku. Wapo wanaomweleza mtafiti nani huhonga mgawa maji, na zamu ya nani huibwa. Ukiandika jina la kijiji, hata ukificha la mtu, kijiji chenye skimu moja na mwenyekiti mmoja wa jumuiya ya watumia maji kitajua mara moja aliyesema. Mtafiti ataondoka, msemaji atabaki hapohapo na shamba lake mwisho wa mfereji, mahali ambapo maji hufika kwa hisani.

#19 Mkutubi wa Mji Kasoro Bahari

Pengine yatenganishwe. Historia ya mpaka, majina ya milima na mito, simulizi za wazee waliotaka kusikika, hayo yabaki na majina na nakala ikae kijijini. Mambo ya rushwa na ugomvi yafichwe. Najua kwamba bodi nyingi za maadili hutoa fomu ya aina moja kwa yote.

#20 Mzawa wa Usangu

Nimerudi baada ya siku mbili za kuyasoma haya yote. Mpango wangu wa utafiti umeshapitishwa, na humo nimeandika kwamba vijiji vyote vitapewa herufi: Kijiji A, Kijiji B na Kijiji C. Kijiji B ni kwetu. Nimemwandikia msimamizi wangu kumwomba niruhusiwe kulipeleka swali la majina kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kuanza mahojiano, na majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Afisa, bado sijashawishika kwamba yote ni nguvu na maslahi, ila sina jibu la hoja yako kuhusu mfugaji asiye na ushirika. Nitamtafuta jirani yetu aliyehamia Lindi nimuulize yeye.

Mkutano utakuwa Julai, wakishamaliza kuvuna.

#21 Afisa Maliasili

Vizuri. Uende na ramani ya mabanio, iliyochapwa kubwa. Watataka kuiona kwanza, na wataisahihisha.